Kilio cha Namba Tisa

Kilifi,
Jumanne, 17 Juni 2025

Kwa Dada Kahonzi Mwambire,

Shikamoo.

Hunijui. Mimi naitwa Pamela Kenga, niko kidato cha tatu. Nyumbani ni Malindi, shule ni hapa Kilifi. Barua zetu husomwa na matroni kabla hazijatoka getini, kwa hiyo hii nampa Riya, rafiki yangu wa kutwa. Babake, Bwana Rakesh, hupeleka bidhaa Watamu kila Alhamisi, na dereva wake anasema Dabaso nzima inajua kwenu. Ikikufikia inanuka sabuni niwie radhi, itakuwa ililala katikati ya katoni.

Habari tulizisikia jana kwenye chai ya saa nne. Mpishi alikuwa na redio dirishani. Mtangazaji akasema Kahonzi Mwambire, nahodha wa Kilifi, ameacha soka akiwa na miaka thelathini na tatu, na hakutoa sababu. Basi. Akaendelea na bei ya mafuta ya taa.

Sijawahi kuona watu wakigawanyika vile kwa mtu ambaye hata hayupo. Mpishi aliweka upawa chini akasema, "Aende! Mwanamke mzima anyoe kipara halafu awakalie wenzake nyasini kama yuko barazani kwake." Alikuwa anasema vile unavyokaa chini ukishafunga bao, miguu umeikunja, kama unayesubiri chai. Zipporah wa bweni letu akamjibu kuwa atakayekutaja vibaya hataonja chumvi yake mpaka muhula uishe. Wasichana wawili wa mezani kwangu walilia, na si kilio cha kuigiza. Mmoja akasema una mimba. Mwingine akasema ni goti, mwingine umeokoka. Mwalimu Mutuku wa michezo alisimama mlangoni akatuambia kwa Kiingereza, maana siku za wiki hatuna ruhusa ya lugha nyingine, kwamba ulikuwa na kiburi kisichovumilika na kwamba hajapata kuona mguu wa kushoto kama wako. Kisha akaondoka haraka.

Mimi sikusema kitu. Huwa sisemi. Nikiinuliwa darasani sauti hunikimbia, kiwe Kiingereza au Kiswahili, mpaka wenzangu wanainamisha vichwa kwa kunionea haya. Kwenye karatasi ndiko ninakojiweza kidogo.

Nilitaka kukuuliza kitu kimoja tu. Je, ni kwa sababu ya ile mechi ya Malindi, mwezi wa nne? Mimi sikuwepo uwanjani. Nilisimuliwa tu.

Wako mtiifu,
Pamela Kenga


Dabaso,
25 Juni 2025

Pamela mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika, na kweli inanuka sabuni. Mama aliinusa akauliza nani ametuletea zawadi.

Simu nimeizima. Wanaonipenda wananitukana kwa kuwaacha, na wanaonichukia wananitukana kwa kuchelewa kuwaacha. Wewe umechukua karatasi, ukatafuta na dereva wa kuileta, kwa hiyo nitakujibu kama ulivyouliza.

Ndiyo, ni siku ile. Lakini si matusi. Matusi nimeyala miaka kumi na mitano na nimenenepa. Watu wa Malindi walinilea, nikawahama nikaenda Kilifi, tangu hapo wananizomea nami nawafunga na kuwakalia. Huo ni mchezo wetu, wao na mimi, na nadhani wao pia wanaupenda.

Siku ile walikuja na kitanda cha kamba. Juu yake wamelaza gogo la mgomba, wamelivisha jezi namba tisa, wamelifunika shuka jeupe mpaka kifuani. Wakalizungusha uwanja mzima. Hata hapo nilicheka, kila mahali mashabiki hubebeana majeneza ya mzaha. Kisha wakaanza kuimba. Pamela, aliyetunga ule wimbo alijua anachofanya. Ulikwenda vile vile unavyokwenda wimbo wa matanga kwetu, unamwita mama wa marehemu kwa jina lake, unamwambia atoke nje ampokee mwanawe. "Kadzo wa Sanga, toka nje, mwanao ameletwa."

Kadzo wa Sanga ni mamangu. Na alikuwa uwanjani. Nilimbembeleza miaka yote aje anione nikicheza, akaja siku hiyo moja. Aliposikia jina lake alisimama akaitika. Aliitika kama mama anavyoitika kwenye msiba, mikono kichwani, mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa nimesimama penye penalti. Niliipiga nje, nikatoka uwanjani, na sijavaa njumu tena.

Mama anasema amekwisha kunipokea. Anasema nikikanyaga uwanja tena nitarudishwa kwenye kitanda, na safari hiyo haitakuwa mgomba. Nikigusa begi langu analala kizingitini. Nimemleta mchungaji, hakusaidia. Nimemleta shangazi, hakusaidia. Neno lake ni moja: aliyetunga kilio ndiye wa kukirudisha. Si walioimba, hao walipewa tu. Mwenye maneno aje akae naye mkekani, atie maji kinywani ayateme chini, aseme kwa sauti yake kwamba kilikuwa kilio cha uongo.

Wewe ni wa Malindi. Ukisikia ni nani, niambie. Simtafuti kumpiga.

Kahonzi


Kilifi,
2 Julai 2025

Da Viola,

Soma hii ukiwa peke yako, usiisome sokoni.

Nimemwandikia Kahonzi Mwambire na amenijibu. Usinitukane kwanza. Yule mama wa kitambaa cha kijani aliyesimama akashika kichwa, tukamcheka, ukasema amelewa asubuhi yote hii, ndiye mamake. Ndiye Kadzo wa Sanga. Na yule Kahonzi hakuacha mpira kwa goti wala mimba. Ameacha kwa sababu mamake anaamini tumemzika.

Uliponiambia, "Pamela, tuandikie kitu cha kuchoma, wewe una mkono," nilikaa siku mbili. Nyimbo ulizokuwa nazo za kuwaongoza mashabiki wa Malindi zilikuwa matusi matupu. Nikafikiria vile walivyomwimbia nyanya alipofariki, nikaifuata njia ileile. Jina la mamake nililishika kwenye mahojiano ya redio. Nililitia kwa sababu wimbo haukukaa sawa bila ya jina la mama. Hiyo tu. Ulikuwa haujakaa sawa.

Na kuna kitu sijamwambia mtu. Nilikuwa nimesimama nyuma yako nimejifunika leso mpaka puani. Watu walipoanza kuimba, jukwaa zima, maneno yangu, nilifurahi. Sijawahi kusikilizwa na watu hata kumi. Yule mama aliposimama nilidhani wimbo umempendeza.

Mwenyewe anataka mtunzi aende Dabaso aseme mbele ya mama yake. Da Viola, mimi siwezi hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Na Kahonzi nimemwambia sikuwepo uwanjani. Nifanye nini?

Pamela


Malindi,
7 Julai 2025

We Pamela,

Huko shuleni wanawatilia nini kwenye uji? Nani alikutuma umwandikie yule? Sisi tunamwimbia aondoke, wewe unamwandikia shikamoo!

Sikiliza. Alitukalia mara tatu kwenye uwanja wetu wenyewe. Tatu! Mara ya mwisho alijifanya anakoroga sukari. Mtu wa namna hiyo akiimbiwa wimbo mmoja ndiyo imekuwa kesi? Mamake mzee, wazee wana mambo yao, atasahau.

Halafu ufikirie na mimi. Ukienda kusema ni wewe, wataniuliza nani alikupa kazi. Meza yangu ya leso imepakana na ya binamu zake wawili. Unataka nikauzie wapi, baharini? Wimbo ni wa mashabiki, hauna mwenyewe. Kaa kimya. Kukaa kimya ndiyo kazi unayoijua kutushinda sote.

Ila nikuambie ukweli, tangu astaafu uwanja umepoa. Jumapili tulicheza na Kilifi, tukashinda mbili bila, na hatukujua tumtukane nani. Watu walikuwa wanatazama saa. Mwambire yule wa tuktuk, anayejidai ni ukoo mmoja naye, amefuta tisa aliyoichora nyuma, halafu jana nikaona ameichora tena. Bharat wa duka la jezi anasema za namba tisa zimekwisha, wanaozinunua ni wale wale waliokuwa wanazichoma. Sisi watu ni wajinga.

Usiniandikie tena habari hizi. Soma.

Viola


Kilifi,
10 Julai 2025

Dada Kahonzi,

Shikamoo. Nimeuliza nyumbani kama ulivyoniambia. Wanasema wimbo uliibuka tu jukwaani, mmoja akaanza wengine wakadakia. Hauna mwenyewe. Samahani sana.

Hapa shuleni mtu ameandika RUDI kwa majivu katikati ya uwanja, herufi kubwa kuliko mtu. Mwalimu mkuu ameuliza nani kwenye paredi na hakuna aliyejitokeza. Tumenyimwa michezo wiki nzima. Mpishi amesema herufi zenyewe zimepinda, lakini nimemwona akizizunguka asizikanyage.

Msalimie mama.

Pamela


Dabaso,
18 Julai 2025

Pamela,

Ahsante kwa kujaribu. Lakini wimbo ule hauwezi kukosa mwenyewe. Kitu kinachoibuka jukwaani hakiwi na mpangilio vile. Nimekusikia hata hivyo, na sikulaumu.

Nataka nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata kocha. Mimi sijachoka na mpira. Goti langu limebakisha msimu mmoja, daktari ameniambia na mwenyewe nalisikia nikishuka ngazi. Mmoja tu. Ninautaka, Pamela. Nautaka mpaka nikisikia watoto wanapiga mpira huko nje najifungia chumbani. Kocha Kiponda ameikalia barua yangu ya kustaafu, hajaipeleka popote. Anasema jina langu litabaki kwenye orodha mpaka dirisha la usajili lifungwe, tarehe kumi na tano Agosti. Baada ya hapo hata yeye hawezi.

Redioni nilikataa kutoa sababu kwa kuwa ningesema ni mama, wangemjia mlangoni. Nusu wangekuja kumwomba aniachilie na nusu kumcheka. Acha wanite mwoga. Juzi nilikwenda Gede kununua unga, kijana mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Bingwa, ulikimbia gogo la mgomba?" Nikampa pole kwa swali lake, nikachukua unga wangu. Zamani ningemkalia.

Mama hanitazami sawasawa. Ananipakulia chakula akiangalia pembeni, na akinitazama analia. Najua anachokiona.

Ukija likizo pita kwetu, umesikia kitu au hukusikia. Unashuka Gede, unachukua tuktuk, unasema kwa Kahonzi. Mama atafurahi kuona mtu anayenipenda ambaye hajaja kunipigia kelele.

Kahonzi


Kilifi,
28 Agosti 2025

Dada Kahonzi,

Sitakuamkia, kwa sababu ukimaliza kusoma hutataka kuitikia.

Wimbo ni wangu. Niliuandika mimi, kwenye daftari la hesabu, wikendi ya Pasaka, meza ya jikoni kwetu. Kila neno. Jina la mama yako nililitia mimi, hakuna aliyenishurutisha. Na nilikuwepo uwanjani. Nilimwona mama akisimama, na nilicheka na wengine.

Nilikuandikia mara ya kwanza nikitumaini utasema ni goti. Uliponijibu nilijua yote, na nikakuandikia uongo siku ya tarehe kumi Julai nikijua ni uongo. Sikudanganywa na mtu.

Likizo nilikuwa nyumbani tangu tarehe moja Agosti. Tarehe ya kumi na tano niliiandika kwa kalamu kwenye ukuta wa nyuma ya kitanda. Tarehe sita nilivaa nguo nikakaa mpaka magari ya asubuhi yakapita. Tarehe kumi nilifika Gede. Nilishuka kabisa. Dereva wa tuktuk aliniuliza, "Wapi, mrembo?" Ilibidi niseme kwa Kahonzi tu, maneno mawili. Nikasema naenda dukani. Nikanunua mahamri ambayo sikuyataka, nikarudi Malindi. Tarehe kumi na nne Mama alinituma sokoni, nikakupita wewe moja kwa moja. Ulikuwa umesimama kwenye mboga umevaa kofia, umepungua. Nilikuwa karibu kiasi cha kukugusa mkono. Ulinitazama kama unavyomtazama mtu usiyemjua, nami nikaendelea kutembea.

Tarehe kumi na sita nikasikia redioni orodha imesomwa, na wewe hukuwemo. Nilipata usingizi siku hiyo, Dada. Nilipata usingizi kwa sababu hapakuwa na kitu tena cha kufanya. Naona hilo ni baya kuliko wimbo.

Sijui kwa nini nakuandikia sasa ambapo haikusaidii.

Pamela


Dabaso,
5 Septemba 2025

Pamela,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili ili niwe na hakika nimeielewa.

Wimbo ningekusamehe. Nakuambia kweli. Ungekuja Julai ukasema ni wako, ningekukaripia mlangoni kisha ningekupa kiti. Umri wako mimi nilimpasua mwenzangu mdomo kwa kiwiko na nikakataa mbele ya refa. Mtoto anaweza kufanya jambo bila kujua ukubwa wake.

Lakini ulikaa Malindi siku kumi na nne ukiijua tarehe. Mimi sikuwa na njia ya kumfikia mtunzi. Wewe ulikuwa na njia ya kunifikia. Na siku ile sokoni nilikuwa nimekuja kumtafuta mtunzi. Nilizunguka meza zile za leso nikiuliza, wananicheka usoni, na wewe ulinipita hapo hapo na kikapu.

Sina la kukutukana. Nilijaribu, nikaona karatasi inaisha bure.

Jumatatu naanza kazi hoteli moja ya Bofa, kwenye bwawa la watoto. Nitawafundisha kuelea. Nimeipenda kwa kuwa hapana nyasi.

Mama hajui mambo ya tarehe wala dirisha. Yeye bado anamngoja mwenye maneno, kila gari likisimama anachungulia. Nenda au usiende. Mimi sitakuwepo, na sitaki kuwepo. Nikikuona ulivyo na haya nitakuhurumia, nami sijawa tayari kukuhurumia.

K. Mwambire


Kilifi,
15 Septemba 2025

Kwa Dada Kahonzi, Bofa,

Shikamoo. Hii pia ameibeba Riya. Hulazimiki kuijibu.

Nilikwenda Jumamosi. Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu mwenyewe, ofisini, na aliponiuliza sababu nikamweleza yote. Ilinichukua muda mrefu. Alinisubiri, kisha akaniandikia karatasi ya ruhusa.

Gede nilisema kwa Kahonzi. Dereva akasema yule amestaafu, nikasema najua.

Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikapiga hodi, nikamwambia mimi ndiye niliyetunga. Alinitazama kuanzia viatu vya shule kwenda juu. "Wewe?" akasema. "Mbona mdogo hivi?" Kisha akanyanyuka akaenda kuchukua mkeka, na kikombe cha bati chenye maji, akaniketisha. Kikombe kilipotoka mkononi mwake kuingia mwangu, maji yakamwagika nusu. Nikatia yaliyobaki kinywani, nikayatema mchangani, nikasema Kahonzi binti Kadzo yu hai, kilio changu kilikuwa cha uongo. Nilisema Kigiriama. Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka.

Hakunikumbatia wala hakusema amenisamehe. Alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Akanipa muhogo wa kuchemsha, akanitazama mpaka nikaumaliza.

Kisha akatabasamu, Dada, akasema, "Basi mwambie sasa akacheze. Njumu zake nimezificha kwenye pipa la unga, nitazitoa."

Nikakumbuka uliniandikia kwamba hajui. Nikawa sina budi. Nikamwambia hawezi, dirisha la usajili limefungwa. "Dirisha gani? Si walifungue?" Nikamweleza habari ya tarehe kumi na tano, na msimu mmoja, na goti lako. Alisikiliza akiwa bado ameshika gunzi mkononi. Uso wake ulirudi kule ulikokuwa.

Akaniuliza, "Na nani aliyelifunga?"

Ningeweza kusema chama cha soka. Ningeweza kusema ndivyo sheria ilivyo, na hata mwalimu mkuu angesema nimejibu sawa.

"Ni mimi," nikasema.

Akaniambia niseme tena.

Nikasema tena.

Pamela